Faili Tupu kutoka Bukavu

Kila Jumanne mama mmoja kutoka Nyakiriba alikuja ofisini kwetu kuuliza kama binti yake amepatikana, na kila Jumanne mimi ndiye niliyemjibu kwamba bado.

Alikuja kwa miguu, barabara ikiwa salama. Alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avue, akakaa kwenye benchi la wageni, akasubiri niite zamu yake. Nilipitisha kidole kwenye karatasi za wiki hiyo, mstari kwa mstari, ili aone kwamba nimetafuta kweli. Kisha nikasema, “Bado, mama.” Yeye akaitikia, “Asante,” akavaa viatu, akaondoka.

Ilikuwa Gisenyi, mji wa Rwanda ulio mpakani, miaka ile baada ya watu kurudi kutoka kambi za Zaire. Mimi nilizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi waliokuwa wamekimbia Rwanda zamani, nikasoma kompyuta kidogo Mwanza, nikarudi katika nchi ambayo sikuwahi kuiona. Nilipata kazi katika shirika dogo lililotafuta watoto waliopotezana na wazazi wao. Ofisi ilikuwa na vyumba vitatu. Kimoja cha mkuu wetu, mwanamke aliyekulia Bujumbura. Kingine cha redio, alimokaa mzee mmoja wa familia ya Kiislamu ya pale mjini, fundi cherehani wa zamani aliyejifunza redio kambini na aliyechanganya Kifaransa katika Kiswahili chake. Cha tatu kilikuwa changu, mimi na seva.

Seva ilikuwa kompyuta ya kawaida, imechakaa, imeunganishwa na laini ya simu na betri mbili za gari kwa ajili ya siku za umeme kukatika. Kazi yake ilikuwa kupokea faili. Watoto wengi wa huku walikuwa bado wametawanyika upande wa pili wa mpaka, Bukavu na mbali zaidi, wengine katika vituo, wengine katika nyumba za watu waliowaokota njiani. Kila asubuhi kituo cha Bukavu kiliipigia seva yetu kwa simu ya setilaiti, kikaacha faili ya orodha: jina la mtoto, umri, alama ya mwili, jina la kilima cha kwao anachokikumbuka. Mimi niliichapa, na karatasi zikapelekwa kubandikwa sokoni Mahoko, makanisani, msikitini na kwenye ofisi za sekta. Majina hayakuruhusiwa kusomwa redioni. Misituni kulikuwa na watu wenye bunduki, na wao pia walikuwa na redio.

Yule mama alinisimulia mara moja tu jinsi alivyompoteza. Siku ya kurudi, mpakani, watu walikuwa wengi kiasi kwamba miguu haikuona ardhi. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, furushi kichwani, na binti wa miaka sita ameshika pindo la kitenge chake. “Nilihisi kitenge kimelegea,” aliniambia. “Nikadhani amekiachia ajikune. Nikasema moyoni, atakishika tena.” Watu waliokuwa nyuma waliendelea kumsukuma mbele. Alipofanikiwa kugeuka alikuwa tayari ndani ya Rwanda. Binti huyo alikuwa na kovu chini ya sikio la kushoto, aliungua uji akiwa mdogo. Niliandika hilo kwenye fomu.

Mkuu wetu hakupenda kuja kuniuliza kila saa kama mashine inafanya kazi. “Nataka niangalie mahali pamoja nijue,” alisema. Kwa hiyo niliandika programu ndogo. Kila baada ya dakika tano, kompyuta ya chumba cha redio iliiuliza seva kama ipo. Seva ikijibu, neno moja la kijani lilitokea kwenye kioo: IPO. Isipojibu, neno lilikuwa jekundu. Nilijivunia kazi hiyo. Mzee wa redio aliipenda pia, nikiingia asubuhi alinipokea kwa sauti kubwa, “Iko, dada! Mashine iko muzima!” Na kila Ijumaa nilihesabu faili zilizoingia, nikampelekea mkuu idadi. Ikiwa Bukavu wametuma saba na sisi tumepokea saba, wiki ilikuwa imekwenda vizuri.

Mwaka huo mashambulizi yalizidi. Mchana mmoja risasi zililia karibu sana na ofisi, tukalala chini ya meza zetu, mkuu na wafagiaji na sisi wote. Nilipoinuka nilikuwa na wazo moja kichwani: picha. Tulikuwa na picha za watoto wote, zimepigwa vituoni na kuingizwa kwenye seva. Nikazinakili zote mara ya pili ili zisipotee. Nilizinakili kwenye diski ile ile zilimokuwa. Mtu yeyote aliyefundishwa kazi hiyo vizuri angenishangaa, maana jengo likiungua nakala zote mbili zinaungua pamoja. Lakini kufanya jambo fulani kulinipa nafuu. Diski ilijaa mpaka pomoni. Sikuangalia.

Baada ya hapo, orodha za Bukavu zilikoma kuleta majina mapya. Ndivyo nilivyoelewa mimi. Faili ziliingia kila siku, zina jina sahihi na tarehe sahihi, lakini nikiamuru zichapwe hakitoki kitu. Nilimwambia mkuu kwamba huenda kule kituo kimepungukiwa watoto, na yeye akasema afadhali. Wiki hizo yule mama alikuja Jumanne tatu. Nilimwambia bado, bado, bado.

Alhamisi moja asubuhi mzee wa redio alisimama mlangoni kwangu, vipokea sauti vikining'inia shingoni.

“Dada, Bukavu wanauliza. Ule mutoto wa Nyakiriba, juu ya nini hatujibu?”

“Mtoto gani wa Nyakiriba?”

“Mi sijui. Kwa redio hawasemi jina. Wanasema walituma, wakatuma tena. Wanataka jibu leo.”

“Hakuna mtoto wa Nyakiriba kwenye orodha.”

“Bon. Angalia tena.”

Nilifungua seva, nikaziangalia faili, si majina yake safari hii bali ukubwa wake. Zote za wiki tatu zilikuwa na ukubwa wa sifuri. Seva ilikuwa imefungua faili, imeipa jina, imekosa nafasi ya kuandika hata herufi moja ndani yake, ikaifunga. Kule Bukavu onyo lilitokea kwenye kioo kwa Kiingereza na hakuna aliyelisoma, kwa sababu mashine yao ilituma yenyewe alfajiri, kabla ya watu kufika kazini. Na huku kwetu, dakika tano kwa dakika tano, neno la kijani liliendelea kusema IPO. Nilikuwa nimeiuliza kama ipo. Sikuwahi kuiuliza kama inapokea.

Nilifuta nakala ya picha. Ilichukua muda mfupi kuliko kumeza mate. Nikamwomba mzee awaambie Bukavu watume upya kila kitu, kuanzia orodha ya zamani. Akarudi kwenye redio, nami nikakaa mbele ya kioo.

Laini ilikuwa polepole. Orodha ya kwanza ilipofika niliifungua kabla ya kuichapa. Alikuwa mstari wa saba. Jina lake, jina la mama yake, kovu chini ya sikio la kushoto, kilima: Nyakiriba. Alikuwa ameletwa kituoni na familia iliyoishi naye kijijini muda wote huo. Nilipiga kelele. Mzee alikuja mbio, mkuu akaja nyuma yake, na kwa dakika chache tulikuwa watu wenye furaha katika chumba kile. Mkuu alinikumbatia. Tulianza kupanga nani atakwenda kumwambia mama, na kwamba angeweza kupanda boti Goma, ng'ambo tu ya mpaka, kesho yake.

Orodha za wiki ya pili ziliingia tukiwa bado tunazungumza. Jina lilikuwepo, na kwenye nafasi ya maoni kulikuwa na neno la Kifaransa la ugonjwa wa surua. Mkuu alilisoma kwa sauti. Tulisubiri orodha za wiki ya tatu tukiwa tumesimama. Mzee alitoa tasbihi mfukoni lakini hakuihesabu, aliishika tu. Ya mwisho ilipofunguka, mstari wa msichana ulikuwa na neno moja: décédée, yaani amefariki. Tarehe ilikuwa ya Jumapili iliyotangulia. Wale wa Bukavu walikuwa wanauliza wamwambie nani.

Mkuu alifunga mlango. Alikuwa mtu mwema, nasema hivyo hata leo. “Mtakwenda kumwambia kwamba mtoto amefariki,” alisema. “Habari ya mashine iache hapa. Itamsaidia nini?” Nikaitikia kwamba sitasema.

Tulisubiri siku mbili barabara ifunguliwe. Nilikwenda na mzee wa redio, kwa kuwa mkuu alisema habari kama hiyo haipelekwi na mtu mmoja. Tulimkuta mama kwenye kibaraza, akipukuchua maharage ndani ya ungo, na yule mtoto aliyekuwa mgongoni siku ya mpakani sasa anatembea, anaokota maganda. Alipotuona wawili, kwake, siku ambayo si Jumanne, mikono yake ilisimama. Tulizungumza Kinyarwanda. Sikuzunguka. Nilimwambia binti yake alipatikana Bukavu, akaugua surua, akafariki.

“Lini?”

“Jumapili iliyopita.”

Alitazama maharage. Mzee alimwambia ajikaze, Mungu yupo naye, na yeye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za hali ya hewa. Halafu akaniuliza, “Alifika lini hapo kituoni?”

“Mama, alikuwa kituoni kwa muda kidogo.”

“Nimeuliza lini.”

“Wiki tatu na siku kadhaa.”

“Na jina lake waliliandika lini?”

Nilimtazama mzee. Alikuwa anatazama chini. Nilikuwa na jibu la mkuu tayari mdomoni, maneno mawili matatu yasiyo na uzito, na sikuweza kuyatamka mbele ya macho yale yaliyofuata kidole changu kila Jumanne.

“Waliliandika siku ile ile. Wakalituma kwetu. Mashine yangu ilijaa, ikapokea faili tupu. Mimi ndiye niliyeijaza, na sikuangalia.”

“Kwa hiyo nilipokuja, jina lilikuwa limeshatumwa.”

“Ndiyo.”

“Ukaniambia bado.”

“Nilikuambia bado.”

“Ungeniambia ndiyo, ningemkuta?”

Boti ya Goma hadi Bukavu haimalizi siku. “Ungemkuta,” nilisema.

Hakulia mbele yetu. Alimwita mtoto, akamfuta mikono kwa kitenge, akaendelea kupukuchua, taratibu, ganda moja baada ya jingine. Mwisho alisema bila kuinua uso, “Nendeni kabla barabara haijafungwa.”

Njiani, tulipoanza kuliona ziwa, mzee alinigeukia. “Dada, ungenyamaza.”

“Aliniuliza.”

“Nilisikia aliuliza. Lakini sasa iko na mizigo mbili ya kubeba. Ile moja ilikuwa inatosha.”

Nimewahi kujiambia kwamba nilisema ukweli kwa heshima yake. Siku nyingine naona nilisema ili nipumue mimi.

Jumatatu nilimweleza mkuu kwamba nimevunja agizo lake. Akasema niende nikafanye kazi. Kazi ilikuwa moja tu. Nilifuta programu ya neno la kijani, nikaanza upya, nikijiuliza kila hatua: kama ningekuwa Bukavu, na nina jina la mtoto mkononi, ningependa kuhakikisha nini?

Programu mpya ilijifanya Bukavu. Kila nusu saa ilibisha hodi kwenye seva, ikatoa neno la siri, ikaacha faili yenye mistari michache. Kisha ikatoka, ikaingia tena, ikaichukua faili ile ile, ikaifungua na kuilinganisha na ya mwanzo herufi kwa herufi. Ikikuta tofauti yoyote, ililiza kengele kwenye chumba cha redio, na kengele haikunyamaza mpaka mtu aje. Iliangalia nafasi iliyobaki kwenye diski, na ikalilia upungufu mapema, kabla haijaisha. Iliipitia kila faili iliyotoka vituoni na kulilia yoyote iliyokuwa tupu. Na kwa kuwa hata hiyo programu ingeweza kufa kimya kimya, nilimpa mzee karatasi ya kuandika saa ya ukaguzi wa mwisho. Akiona nusu saa mbili zimepita bila ukaguzi, aniite. Bukavu nao tuliwaomba kila asubuhi watuambie redioni wameandika watoto wangapi. Hesabu tu, bila jina. Sisi tulifungua faili na kuhesabu majina yenyewe.

Kisha nikaanza kuiharibu. Niliijaza diski kwa makusudi nisikie kama kengele italia. Nilichomoa waya wa simu. Niliweka faili tupu kati ya faili nzima. Mzee alisimama akinitazama.

“Donc unaiua mashine ili uone kama italia?”

“Ndiyo.”

“Na isipolia?”

“Natengeneza, naiua tena.”

Mara ya kwanza nilipoijaza diski, kengele haikulia. Nilikuwa nimekosea namna ya kusoma nafasi. Niliweka kichwa mezani, nikalia mimi, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. Mzee alifunga mlango wa nje ili wageni wasinione, akaniletea chai, akakaa. Nilipomaliza kulia nikarekebisha, nikaijaza tena, na kengele ikapiga mpaka tukaziba masikio.

Jumanne ya pili baada ya hapo yule mama alikuja. Alivua viatu mlangoni. Safari hii hakukaa kwenye benchi. Alisema amesikia watoto walikuwa wanapigwa picha. Tuliwaomba Bukavu, na picha ikaja siku hiyo hiyo, ikapitia kwenye seva ile. Printa yetu ilikuwa mbovu, ikaacha mistari myeupe, lakini uso ulionekana, nywele zimenyolewa, kovu liko mahali pake. Mama aliishika karatasi kwa ncha za vidole wino usichafuke.

“Amekua,” alisema.

Nilitoka nje kidogo. Niliporudi alikuwa amesimama mbele ya seva, ameikunja picha ndani ya kitenge.

“Ndiyo hii?”

“Ndiyo.”

“Na sasa unajuaje kwamba inapokea?”

Nilimweleza, kwa Kinyarwanda changu kilichojaa Kiswahili, kwamba kila nusu saa tunaipa orodha na kuirudisha na kuisoma. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza orodha hiyo ina majina gani, nikasema ina maneno ya kujaribia tu, hayana maana. Hapo nikasema jambo nililokuwa nimeliwaza kwa siku nyingi, na nililodhani ni zuri.

“Mama, ukiruhusu, naweza kuweka jina lake. Liwe ndilo tunalolitafuta kila mara.”

Alinigeukia. Sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya hapo, hata kule kwake.

“Usiliweke,” alisema. “Aliitwa wiki tatu hakuna aliyeitika. Sasa umuite kila nusu saa wa nini? Mwache.”

Nikasema sitaliweka. Akavaa viatu, akaenda.

Kengele ililia mara nyingi miezi iliyofuata. Mara nyingine umeme tu, mara nyingine laini. Mara moja faili iliingia tupu kutoka kituo kingine. Tukawaita redioni, wakatuma upya, ikawa na majina ya ndugu wawili wa Nyamyumba, na baba yao aliwafuata akiwa na viatu vya kuwavalisha, vimekuwa vidogo. Nilifurahi kwa ajili yao. Furaha haikukaa kwa muda mrefu, kwa sababu kila faili iliyookolewa ilinikumbusha kwamba kazi yote ile ilinichukua siku nne. Ningeweza kuifanya mwanzoni kabisa.

Kisha vita vikaanza tena upande wa pili, laini za Bukavu zikakatika, na hapakuwa na seva wala kengele ya kusaidia.

Nilimwona yule mama mara moja tu baada ya hapo, sokoni Mahoko. Alikuwa anauza viazi, na mtoto wake mdogo amelala kwenye gunia nyuma yake. Nilisita, kisha nikamsogelea na kumsalimu. Aliitikia vizuri, akaniuliza habari za kazi. Nikamwambia ofisi inafungwa.

“Wengine mliwapata?” aliuliza.

“Baadhi.”

Aliitikia kwa kichwa. Nilinunua viazi, akanichagulia vizuri, akavifunga. Nyuma yangu alisimama mnunuzi mwingine, na mama alikuwa tayari anamtazama yeye, kwa hiyo nilichukua mfuko wangu na kumpisha.